Muulize Mwalimu: Teju mwekundu, mabuti ya kaoboi na kenge wetu

Mwezi uliopita nilimjibu msomaji wa Lindi aliyekuwa akilalamikia kenge. Katika jibu lile nikadokeza kwamba Amerika ya Kusini nako yupo mjusi mkubwa mla mayai, teju mwekundu, na kwamba yeye si kenge. Mistari miwili tu, nikapita. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zilizoingia tangu hapo zinajaza ukurasa mzima, na mhariri ameniambia nizimalize zote leo. Nimezipunguza urefu. Salamu zimefika, marahaba nyote.

*Shikamoo Mwalimu. Sisi ni watu wa Unguja, tunaishi Muscat. Kijana wangu wa miaka 15 ameona kwenye simu mjusi mwekundu anauzwa, muuzaji anamwita "kenge wa Amerika" na anaapa kwamba ni mpole. Tunakaa ghorofani. Baba yake keshalainika, nimebaki mimi. Je, ni kenge kweli? Na nimkubalie?*
*Mama Mtu, Muscat*

Marahaba, mama. Nianze na ukoo. Katika msafara wa mamba na kenge wamo, lakini huyu teju hayumo hata katika msafara wa kenge. Ukimwona kwa mbali utaapa ni kenge: mwili mrefu, ulimi wenye ncha mbili, kucha za kuchimbia, mwendo ule ule wa kujinyonganyonga. Nasaba zao hata hivyo ziliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na teju yuko karibu zaidi na wale mijusi wembamba wanaotimka mchangani jua la saa sita kuliko na kenge. Kilichowafananisha ni riziki. Wote wawili hutembea chini mchana kutwa, wananusa kwa ulimi, wanakula chochote kinachoingia mdomoni.

Kitaalamu anaitwa *Salvator rufescens*. Aliyemwandika kwanza ni Albert Günther, mtaalamu wa makumbusho ya London, mwaka 1871. Vitabu vya zamani vinamwita *Tupinambis rufescens*, kwa hiyo kijana akikuta majina mawili asibabaike, mnyama ni yule yule. Kwao ni Chaco kavu: kaskazini mwa Argentina, magharibi mwa Paraguay na kusini-mashariki mwa Bolivia. Ukijumlisha na upande wake wenye unyevu, Chaco inakaribia kilomita za mraba milioni 1, haipishani sana na Tanzania nzima. Ni msitu, ila usifikirie Amani wala Kakamega. Ni miti ya miiba, madungusi na vumbi. Mvua hunyesha miezi ya joto, Novemba hadi Machi, na joto lenyewe hupita nyuzi 40. Halafu Juni na Julai baridi inapiga, usiku mwingine hadi umande unaganda.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Mnyama wa nchi ya namna hiyo hulala. Baridi ikianza anaingia shimoni, hali, hawindi, na kutoka tena ni miezi kadhaa baadaye. Hata akiwa chumbani kwako Muscat, mwili wake haujasahau: anaweza kususa chakula ghafla na kujifukia wiki nyingi. Wewe utadhani amekufa, mwanao atalia, na daktari wa mifugo aliyezoea mbuzi na ngamia atamtazama tu.

Kuhusu upole muuzaji hajadanganya sana, maana teju aliyelelewa toka mdogo humzoea mtu. Alilonyamazia ni ukubwa. Dume akikomaa hupita mita moja kutoka puani hadi ncha ya mkia, na mashavu yake huvimba pande zote mbili chini ya masikio. Ile ni misuli ya taya. Taya hizo hupasua konokono pamoja na gamba lake, na kidole cha mtoto hakina gamba. Tena mtoto wa teju hana ule wekundu wa kwenye picha. Anakuja wa kahawia, ana mistari, na rangi ya tofali humjia kadiri anavyokua, dume zaidi kuliko jike. Atataka taa ya kuotea joto, taa ya mionzi ya urujuanimno, udongo wa kina cha kujifukia, na boksi ambalo likiingia chumbani kitanda cha kijana itabidi kitoke. Ataishi miaka 15 na zaidi akitunzwa vizuri. Kijana atakuwa ameoa na kuhama, mjusi amebaki kwako.

Mkishindwa kabisa kumkatalia, muulizeni muuzaji karatasi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Teju amo katika orodha ya pili ya mkataba huo tangu 1977, maana yake kumvusha mpaka ni kwa kibali, na Oman ni mwanachama. Muuzaji akianza kujiumauma, mmepata jibu. Lakini umeniuliza mimi, na mimi nasema hapana. Mwambie baba mtu niko upande wako.

*Mwalimu, kaka yangu ameoa Texas. Siku ya harusi baba mkwe alimvisha mabuti yake ya zamani ya kaoboi, ya ngozi ya teju. Ni mazuri, lakini roho yangu haitaki. Nakutumia picha za karibu. Ni teju kweli? Na kaka avae au asivae?*
*Wifi Mpya, Houston*

Picha ya tatu ndiyo iliyonisaidia, ile uliyoipiga juu ya vidole pale ngozi inapokunjwa na mwendo. Nimeikuza kwenye kompyuta ya mjukuu. Magamba ni madogo, ya pembe nne, yamelala safu kwa safu bila kupishana sana, na kati ya safu na safu kuna mfereji mwembamba ulioingia rangi ya viatu. Hilo ni tumbo la teju. Kenge magamba yake ni ya mviringo, kila moja limezungukwa na vijigamba vidogo kama punje. Ukiyaona yote mawili mara moja tu, hutayachanganya tena. Kama ni teju mwekundu au nduguye mweusi-na-mweupe, *Salvator merianae*, ngozi ikishapakwa rangi ya kahawia iliyoiva namna hiyo haisemi.

Mabuti hayo yana historia ndefu kuliko ndoa ya kaka yako. Miaka ya 1980 Argentina peke yake ilikuwa ikiuza nje zaidi ya ngozi milioni 1 za teju kila mwaka. Nyingi zilikwenda Marekani kufanywa mabuti, nyingine Ulaya na Asia kufanywa mikoba, mikanda na kamba za saa. Waliowinda hawakuwa makampuni. Ni watu wa vijijini wa Chaco, wenyeji wa asili wakiwemo Wawichi na Watoba, pamoja na wafugaji wadogo, wenye mbwa wawili watatu na jembe. Mbwa humfukuza teju hadi shimoni, mtu anachimba. Nyama inaliwa nyumbani, mafuta yanawekwa kwenye chupa, ngozi inawambwa ikauke, halafu dalali anapita na gari kuzikusanya. Kinachobaki mkononi mwa mwindaji ni sehemu ndogo sana ya bei unayoikuta dukani Houston, lakini ni fedha taslimu, na katika nchi ile fedha taslimu ni adimu.

Mtu akisikia milioni kwa mwaka anafikiri mnyama huyo ameisha. Hajaisha. Anazaa sana, jike mmoja hutaga mayai 20, 30 na zaidi kwa mara moja, na huwindwa miezi ile tu anapokuwa nje ya shimo. Wataalamu wa mijusi walipokwenda kuchunguza walishauri biashara isipigwe marufuku bali iwekewe mipaka. Argentina na Paraguay zikaweka mgawo wa mwaka na kipimo cha chini cha upana wa ngozi, ili wadogo waachwe wakue wazae. Mimi naliona shauri hilo ni la watu wenye akili. Mwindaji anayepata chochote kutokana na teju ana sababu ya kutaka msitu wa teju ubaki umesimama.

Na msitu ndio wenye shida. Hapa nivumilieni, maana nilifundisha baiolojia Njombe miaka mingi, dirisha la darasa langu likitazama miwati, na jambo hili linanigusa. Katika Chaco kuna mti uitwao quebracho mwekundu, mti mgumu wa kutia shoka aibu. Magogo yake yamejaa tanini, dawa ile inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya kiatu. Mwishoni mwa karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 quebracho ilikatwa kwa tanini na kwa mataruma ya reli hadi mikoa mizima ikabaki vichaka. Kampuni kubwa kuliko zote ilikuwa ya Waingereza, La Forestal, yenye reli zake, bandari zake na hata vocha za kulipia wafanyakazi. Ukiuliza kwa nini ilifunga viwanda vyake Argentina kufikia miaka ya 1960, sehemu moja ya jibu iko huku kwetu. Muwati, ambao magome yake nayo yana tanini, hukomaa kwa miaka kumi hivi, quebracho huchukua vizazi, na kampuni hiyo ilishaingiza fedha katika tanini ya miwati ya Afrika, ikiwemo kule Eldoret. Wanafunzi wangu walikuwa wakibandua magome ya miwati likizoni kwa pesa ya daftari. Hawakuwahi kuambiwa kwamba walikuwa wakishindana na msitu wa upande wa pili wa bahari.

Siku hizi hawakati mti mmoja mmoja. Tingatinga mbili huenda sambamba zikivuta mnyororo mzito katikati, na kila kilicho baina yake kinalala: quebracho, mipalosanto, madungusi, vyote. Kisha vinasukumwa kwa safu ndefu na kuchomwa, linapandwa soya au nyasi za ng'ombe. Tingatinga likipita miezi ya baridi, teju yuko chini ya ardhi na hatoki kukimbia. Akiokoka, anaamkia shamba la soya. Argentina ilitunga sheria ya misitu ya asili, namba 26.331, mwaka 2007. Inagawa misitu kwa rangi: nyekundu haiguswi, njano inatumiwa kwa uangalifu, kijani inaweza kufyekwa. Teju mwekundu kwa bahati mbaya hasomi ramani, na wingi wake unaishi kwenye njano na kijani.

Kwa hiyo kaka avae. Mabuti yameshashonwa, ni ya mzee, na kuyatupa hakumfufui yeyote. Ayapake mafuta ya ngozi, asiyaanike juani. Akitaka kuwa na wasiwasi, awe nao juu ya nyama ya ng'ombe na soya, ingawa najua Texas huwezi kumwambia mtu aache nyama ya ng'ombe ukabaki shemeji.

*Mwalimu, kuna mwenzangu darasani anasema wapo mijusi wa huko wanaojipasha joto wenyewe kama sisi. Sisi tumefundishwa reptilia ni wa damu baridi. Nani mkweli?*
*Kidato cha Tatu, Morogoro*

Wote wawili, na mwenzako anastahili soda. Habari hiyo ni ya nduguye mwekundu, yule teju mweusi-na-mweupe. Mwaka 2016 wanasayansi wa Brazil na Kanada walichapisha matokeo ya teju waliowafuga kwenye vizimba vya nje huko Rio Claro, jimbo la São Paulo, wakiwapima joto usiku na mchana kwa mwaka mzima. Miezi mingi walikuwa kama kitabu chako kinavyosema: usiku shimoni mwili unapoa hadi kukaribiana na shimo lenyewe. Lakini ilipofika majira ya kuzaliana, kuanzia Septemba hivi, alfajiri kabla ya jua walikutwa wana joto kuliko shimo, tofauti ikifika hadi nyuzi 10. Jua halikuwepo, kwa hiyo joto lilitoka ndani ya mwili.

Mtihani ukija, andika kama ulivyofundishwa, kisha ongeza sentensi hiyo kama nafasi ipo. Msahihishaji mzuri atafurahi. Mbaya hatakuelewa, lakini huyo hata bila teju angekunyima.

*Mwalimu, mimi nafuga kanga na kuku wa kienyeji. Kenge ananimaliza. Nataka kujua kama wakulima wa huko nao wanalia hivi, na wanamfanyaje.*
*Mfugaji, Kilifi*

Wanalia. Teju hula mayai ya kuku na ya ndege wa porini, vifaranga, panya, wadudu, vyura, mizoga. Wanachofanya ni kile kile unachokijua: mbwa, na banda la mayai lililoinuliwa na kufungwa vizuri. Ukiziba tundu la ukubwa wa ngumi umemzuia wa huko na wa kwako.

Ila ana tofauti moja na mwizi wako. Kenge habadilishi nyama kwa tunda. Teju hula matunda, na mengi. Anachopenda ni tunda la mistol, mti wa familia moja na mkunazi wetu, tunda dogo la kahawia lenye kokwa moja. Linaanguka chini limeiva, teju anameza na kokwa yake, anakwenda zake, anaitupa mbali na mti mama. Chaco haina wanyama wengi wakubwa waliobaki wa kubeba mbegu, kwa hiyo mtambaachi huyu anaufanyia msitu kazi ya upanzi. Wewe kenge wako hakupandii chochote, nakubali, ila panya anakupunguzia.

*Naishi nje ya Tampa, Florida. Mjusi mkubwa mwenye madoa meusi na meupe amepita uani kwangu mara kadhaa. Jirani anasema ni teju. Amefikaje huku?*
*Msomaji wa zamani, Florida*

Jirani yako yuko sahihi, na huyo ni mweusi-na-mweupe, si mwekundu. Walikuja kama wanyama wa kufugwa, wengine wakatoroka, wengine wakaachiwa na watu waliochoka nao. Soma tena jibu la mama wa Muscat. Sasa wanazaana wenyewe upande wa Miami-Dade na katika kaunti yenu ya Hillsborough. Kamera zimewanasa wakibeba mayai kutoka kiota cha mamba wa huko, na huingia mashimo ya kobe wachimbaji. Mwaka 2021 jimbo liliwaingiza katika orodha ya wanyama waliokatazwa kufugwa.

Usicheke, kwenye orodha hiyo hiyo yumo kenge wetu wa Mto Nile, ambaye naye amejijengea makazi Cape Coral, saa chache kwa gari kusini mwenu. Kwa hiyo Florida ndiyo mahali pekee ninapopajua ambapo kenge na teju wanagombea mayai yale yale. Ukimwona tena, mpige picha, uwape taarifa watu wa wanyamapori wa jimbo. Usimshike.

*Bibi yangu anatumia mafuta ya kenge kwa magoti. Huko kwa teju nako wanatumia?*
*Mjukuu, Kigoma*

Wanatumia, kwa magoti na kwa mgongo. Kusugua goti kwa mkono wenye joto kunasaidia, mafuta yawe ya nani. Usimkataze bibi, ila asiyanywe.

*Mwalimu teju akikatwa mkia anaota mwingine? Kenge je?*
*Darasa la Sita, Muheza*

Teju anaota. Akikamatwa mkia na mbwa au mwewe anaweza kuuacha ukakatika, damu kidogo tu, akakimbia. Mkia mpya huota taratibu, lakini ndani hauna mifupa ya pingili kama ule wa kwanza, una gegedu. Nje rangi yake haifanani na ya mwili, kwa hiyo mtu akimwona anajua kabisa ulipokatikia. Kenge haoti mwingine. Yeye mkia wake ni fimbo ya kuchapia, hauachi ovyo. Na wewe usiende kujaribu kwa mjusi wa ukutani, nimeshajua unawaza nini.

Mwezi ujao ni popo. Maswali yafike kabla ya tarehe 20, mafupi, na tafadhali yeyote mwenye popo darini asiniletee picha za kinyesi peke yake, aniletee na za masikio.